Kufundisha Neno Uwanjani: Mwongozo kwa Walimu wa Shule ya Jumapili

Makanisa mengi yana mpira. Unaletwa Jumamosi saa kumi jioni, watoto wanaufukuza mpaka jasho linawatiririka, kisha mwalimu anapuliza filimbi, anawakalisha chini ya mwembe na kuanza kuhubiri. Watoto wanatulia kwa sababu wamechoka. Macho yao yako kwenye mpira uliotiwa ndani ya mfuko, na "Amina" wanayoitikia ni ya kuomba waachiwe. Mpira umewaleta, lakini haujawafundisha kitu.

Mwongozo huu ni wa mwalimu wa Shule ya Jumapili, wa Utoto Mtakatifu (chama cha watoto Wakatoliki) au wa semina ya watoto wakati wa likizo, anayetaka mchezo wenyewe uwe ndio somo. Nimewafikiria watoto wa miaka sita hadi kumi na mbili, uwanja wa vumbi, na kanisa lisilo na fungu la michezo. Ninasimamia jambo moja: mtoto anaondoka na kile kilichompata mchezoni, na maneno yako yanakuja juu yake. Ukisoma kwamba Yesu aliwaita watoto wadogo waje kwake, halafu mchezo wako ukamtoa nje mtoto mnene au mwenye miguu dhaifu dakika ya kwanza, Jumamosi hadi Jumamosi, mtoto yule ameshapata somo lake. Silo ulilosoma.

Mtume Paulo alilijua hili. Alipowaandikia Wakorintho habari za mbio na taji (1 Wakorintho 9:24-27) alikuwa akisema na watu walioyaona mashindano kwa macho yao. Isthmia, karibu na mji wao, palikuwa na michezo mikubwa kila baada ya miaka miwili, na mshindi alivikwa taji la majani. Hakuhitaji kuwaeleza uchovu wa mkimbiaji ulivyo. Watoto wetu nao wanaujua, kwa hiyo tuanzie hapo.

Hatua ya kwanza: anza na mstari, uutafutie tendo

Usianze na mchezo unaoupenda halafu ukapekua Biblia kutafuta mstari wa kuubandika. Chagua mstari mmoja, mfupi, ambao mtoto wa darasa la kwanza anaweza kuukariri kabla ya kwenda nyumbani. Kisha jiulize: mstari huu ukitendwa kwa mikono na miguu, mtu anafanya nini? Yohana 10:27 ni kusikia sauti na kuifuata. Wagalatia 6:2 ni kubebeana mizigo. Waebrania 12:1 ni kuutua mzigo na kupiga mbio. Mfano wa kondoo aliyepotea, Luka 15, ni kuacha walio wengi na kumtafuta mmoja. Ukishalipata tendo, tafuta mchezo ambao bila tendo hilo hauchezeki.

Yako mafundisho yasiyo na mchezo. Mateso ya Bwana msalabani usiyatungie mashindano. Ijumaa Kuu watoto wakae, wasikilize, waimbe. Mwalimu anayeamini kila kitu lazima kichezwe atajikuta amegawa makundi mawili kugombania misumari, na hilo ni kosa mbele ya watoto na mbele ya Mungu.

Mchezo ukishaupata, ujaribu kwanza na watoto watatu wanne wa jirani. Utagundua palipo na utata kabla hujasimama mbele ya watoto sitini.

Hatua ya pili: uwanja, maji na macho ya walimu

Fika mapema, tembea uwanja mzima ukiokota vioo, misumari, miba na mawe. Chora mipaka kwa majivu au chokaa, mbali na barabara, kisima na shimo la taka. Saa kumi jioni jua limeanza kupoa. Mkilazimika kucheza mchana baada ya ibada, mchezo uwe wa kivulini na mfupi.

Maji ya kunywa yawepo kabla ya filimbi ya kwanza. Ndoo yenye mfuniko na bomba inatosha, kila mtoto na kikombe chake.

Waulize wazazi kuhusu afya ya watoto, na uulize kwa kutaja magonjwa, maana swali la jumla hujibiwa "hajambo". Pumu? Kifafa? Selimundu, yaani sikoseli? Mtoto mwenye selimundu anacheza, ila asikimbizwe mpaka achoke kabisa, anywe maji mara kwa mara, apumzike mara tu anapotaka na wala asiulizwe kwa nini. Kwa wenye pumu, dawa yao ya kuvuta iwe mkononi mwa mwalimu, isiachwe kwenye begi lililofungiwa ofisini.

Walimu wawe wawili au zaidi wakati wote, na mtoto asipelekwe peke yake mahali pa faragha na mtu mzima mmoja. Hili halina mjadala, hata kama mwalimu ni mke wa mchungaji. Kisanduku cha huduma ya kwanza kiwe na pamba, bandeji, dawa ya kusafishia kidonda na glavu.

Halafu mavazi. Ukifundisha Jumapili, watoto wamevalia magauni yenye malinda na viatu vya ngozi ambavyo mama ameagiza visiguse vumbi. Mtoto anayeogopa kuchapwa kwa ajili ya gauni hachezi, anasimama pembeni na kuonekana mvivu. Tangaza kanisani wiki moja kabla, na utangaze kwa wazazi wenyewe: "Jumamosi watoto waje na nguo za kuchezea." Kwa asiye na nguo ya pili, weka ofisini fulana chache za kanisa za kuvalia juu.

Hatua ya tatu: gawa timu bila kumwumiza mtoto

Usichague manahodha wawili wakaita majina mmoja mmoja. Kila mtu mzima anamkumbuka aliyebaki wa mwisho, au ndiye yeye. Wapange kwa mwezi waliozaliwa, kwa rangi za vipande vya kanga ulivyoweka kwenye kikapu, au wahesabu moja-mbili-tatu-nne. Changanya wasichana na wavulana, wakubwa na wadogo. Ndugu wa tumbo moja ni vizuri kuwatenganisha, maana mkubwa ana tabia ya kumsemea mdogo.

Mtoto mwenye ulemavu asipewe kazi ya kushika filimbi kila wiki. Hiyo ni njia ya adabu ya kumweka nje. Badili mchezo. Kwenye mchezo wa sauti nitakaoueleza, mtoto asiyeona anawazidi wengine wote, na wacha wamwone akiwazidi.

Hatua ya nne: eleza kwa dakika mbili, kisha onyesha

Filimbi iwe na lugha yake: mlio mmoja ni simama ulipo, milio miwili ni njooni kwangu. Ifundishe kabla ya mchezo wowote, irudie mpaka wote wasimame kwa pamoja. Maelezo ya kanuni yasizidi dakika mbili. Watoto wawili waonyeshe taratibu huku wenzao wakitazama, kisha uliza, "Nani anirudishie kanuni?" Akiirudisha mmoja vizuri, anza.

Mstari wa siku usisemwe sasa. Wacha wacheze kwanza.

Hatua ya tano: michezo yenyewe

Nitaeleza mitano. Miwili nitakaa nayo zaidi kwa sababu ndiyo yenye mafundisho mazito.

Kombolela. Kila mtaa una kanuni zake, kwa hiyo nieleze zile za somo hili. Weka kopo tupu katikati ya duara dogo. Mtafutaji anafumba macho na kuhesabu hadi ishirini, wenzake wanajificha ndani ya mipaka. Akimwona mtu, anamtaja jina na kukimbilia kuligusa kopo. Aliyetajwa anaingia gerezani, yaani duara kubwa lililochorwa pembeni. Aliyemo gerezani hana namna ya kujitoa: hata akiwa na mbio kuliko wote, hata akilia, hata wakiwa kumi. Aliyebaki mafichoni akiwahi kulipiga kopo teke, waliofungwa wote wako huru papo hapo.

Mpaka hapo ni mchezo wanaoucheza kila siku. Ongeza kanuni moja tu: anayekuja kukomboa, baada ya kulipiga kopo, anaingia yeye gerezani na kubaki humo mpaka raundi iishe. Watangazie mapema, ili kila aliye mafichoni aamue mwenyewe kama atatoka.

Sasa tazama. Raundi ya kwanza hakuna anayetoka. Watoto wanachungulia kutoka nyuma ya tangi la maji, wanahesabu gharama, wanarudisha kichwa. Walio gerezani wanaanza kuwaita kwa majina. Mwishowe mmoja anatoka mbio, kopo linaruka, vumbi linatimka, na watoto wanane wanatawanyika kwa vifijo. Yeye anatembea taratibu na kuingia kwenye duara tupu. Jumamosi moja binti wa darasa la pili, aliyekuwa ametoka kukombolewa, alirudi mpaka kwenye mstari wa gereza, akasimama na mikono nyuma, akamwuliza kijana aliyebaki ndani, "Sasa wewe utatolewa na nani?" Mwalimu akisikia swali la namna hiyo, apulize filimbi mara mbili. Hapo ndipo pa kufungua Marko 10:45, kwamba Mwana wa Adamu alikuja kutoa nafsi yake iwe fidia ya wengi. Hawatahitaji kuelezwa fidia ni nini. Na usiache somo kwenye duara, maana Bwana hakubaki kaburini: watoto wote waende wakamtoe yule aliyebaki, kwa wimbo.

Tahadhari moja. Mtafutaji asiitwe shetani. Ni mtoto mwenzao, na jina hilo litamganda shuleni wiki nzima. Mbadilishe kila raundi na umshukuru mbele ya wote.

Chandimu ya viungo vingi. Mpira uwe wa makaratasi na vitambaa vilivyofungwa kwa kamba: haumuumizi mtu na hauendi mbali. Wachezaji watano kila upande, magoli madogo ya mawe mawili, hakuna golikipa. Kanuni ya kwanza: goli halihesabiwi mpaka kila mchezaji wa timu awe ameugusa mpira tangu walipoupata. Kanuni ya pili: hakuna refa. Aliyeshika mpira au kumkwatua mwenzake ananyoosha mkono mwenyewe.

Dakika tano za kwanza kutakuwa na malalamiko. Yule kijana fundi, aliyezoea kupiga chenga wanne na kufunga, atakuja kukwambia, "Mwalimu, huyu hajui kucheza." Simama imara, kanuni ni ileile. Baada ya muda utamsikia akiita jina la mtoto ambaye hakuwahi kumwita: "Neema, njoo huku, gusa tu, gusa!" Neema anagusa kwa ncha ya kidole cha mguu, mpira unarudi, goli linaingia, na anayeshangiliwa ni Neema. Soma 1 Wakorintho 12:21, "Na jicho haliwezi kuuambia mkono, Sina haja na wewe." Muulize fundi wa timu, kwa upole na bila kumtahayarisha, alifanya nini tofauti na siku zote.

Kanuni ya pili ndiyo ngumu zaidi, na mimi ndiyo ninayoipenda zaidi. Mtoto amegusa mpira kwa mkono, hakuna aliyeona, timu yake iko mbele ya goli. Atanyoosha? Wengine hawatanyoosha. Usiwakamate, na wenzao wasiwashtaki. Akitokea mmoja aliyenyoosha na timu yake ikapoteza goli kwa sababu hiyo, simamisha mchezo na umpe mkono. Luka 16:10 inasema, "Aliye mwaminifu katika lililo dogo sana, huwa mwaminifu katika lililo kubwa pia." Wiki inayofuata mikono itakayonyooka ni mingi zaidi.

Usione haya kubadili kanuni za mchezo unaojulikana. Mpira wa kikapu wenyewe ulitungwa Desemba 1891 na James Naismith, mwalimu wa mazoezi katika chuo cha YMCA (chama cha vijana Wakristo) huko Springfield, Massachusetts, aliyetafuta mchezo wa ndani kwa vijana wakati wa baridi. Alitundika vikapu vya matunda kwenye roshani ya ukumbi na kuandika kanuni 13. Mwalimu wa Kikristo aliyetazama vijana waliokuwa mbele yake ndiye aliyeupa ulimwengu mchezo ule.

Sauti ya mchungaji. Mtoto anafungwa kitambaa machoni na kuongozwa kwa sauti ya mwenzake mmoja kupita kati ya ndoo na viti, huku wengine pembeni wakimpa maelekezo ya uongo. Kabla ya kuanza apewe dakika moja ya kuizoea sauti ya mchungaji wake. Mwalimu atembee hatua moja nyuma ya aliyefungwa macho. Mstari ni Yohana 10:27.

Wabebaji wanne. Ni habari ya yule aliyepooza, Marko 2:1-12. Watoto wanne wanashika pembe nne za kanga, katikati umewekwa mpira. Wanatembea haraka, wanapita mlango mwembamba wa viti viwili, wanainua kanga juu ya kamba iliyofungwa usawa wa kifua, ndilo dari, na kuushusha mpira ndani ya beseni upande wa pili. Ukidondoka wanarudi mwanzo, wote wanne. Msibebe mtoto halisi, hata wakikusihi.

Mbio za mzigo, na za kupokezana. Mtoto anavaa begi la shule lenye chupa mbili za maji za lita moja na nusu, anakimbia mita thelathini na kurudi. Anapumzika, kisha anakimbia tena bila begi. Muda upimwe kwa simu, na kila mtoto ashindane na muda wake mwenyewe, asishindane na mwenzake. Somo ni Waebrania 12:1. Hapa uwe mwangalifu: usimlazimishe mtoto kuutaja mzigo wake mbele ya wenzake. Kila mmoja aokote jiwe, alishike kimya, aombe moyoni, aliache chini ya msalaba au mahali mlipopatenga. Siku ya somo hili, mtoto huweza kukufuata akakwambia jambo zito linalotokea nyumbani. Msikilize mpaka mwisho, usimwahidi kwamba itakuwa siri, usimwulize maswali ya upelelezi. Mpelekee jambo hilo anayehusika na ulinzi wa mtoto kanisani au afisa ustawi wa jamii. Tanzania na Kenya ipo namba ya simu ya kuwasaidia watoto, 116.

Kwa wakubwa, fungeni mistari miwili mitatu ya Biblia ndani ya kijiti cha karatasi ngumu, wapokezane. Kila anayepokea anasimama, anafungua, anasoma kwa sauti, anafunga, ndipo anakimbia. Kijiti kikianguka, aliyekiangusha ndiye anayekiokota, kama ilivyo kwenye riadha. Baadaye someni 2 Timotheo 2:2, Paulo anapomwagiza Timotheo awakabidhi watu waaminifu aliyoyasikia, nao wawafundishe wengine. Uliza: kuanzia mitume hadi bibi yako, ni mikono mingapi ilikipokea kijiti hiki?

Hatua ya sita: kaeni kivulini, waongee wao kwanza

Baada ya mchezo, maji. Baada ya maji, duara, na mwalimu akae chini pamoja nao. Kipindi hiki kisizidi dakika kumi na tano, na sehemu kubwa ni yao. Uliza kwa mpangilio huu: Nini kimetokea? Ulijisikiaje kilipotokea? Umewahi kuona jambo kama hili nyumbani au shuleni? Ndipo ufungue Biblia na kusoma mstari, mara mbili, taratibu. Kisha uulize ni nani kwenye mchezo alifanya kama mstari unavyosema.

Ukiuliza, nyamaza. Walimu tunaogopa kimya, tunajijibu wenyewe baada ya pumzi mbili. Hesabu moyoni hadi kumi. Mtoto mtaratibu huwa bado anatafuta maneno wakati wewe umeshahamia swali lingine.

Kama muda upo, wasimulie habari ya kweli ya mwanamichezo. Ninayoirudia mara nyingi ni ya John Stephen Akhwari wa Mbulu, aliyeiwakilisha Tanzania kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968. Alianguka njiani, akaumia goti. Mamo Wolde wa Ethiopia alishashinda, na zaidi ya saa moja ilikuwa imepita, giza limeingia, watu wengi wametoka uwanjani, ndipo Akhwari akaingia akichechemea, mguu umefungwa bandeji, akazunguka mpaka kwenye mstari. Alikuwa wa mwisho kati ya waliomaliza. Alipoulizwa kwa nini hakuacha, alijibu kwamba nchi yake haikumtuma mbali vile aanze mbio, ilimtuma azimalize. Wasomee 2 Timotheo 4:7: "Nimevipiga vita vilivyo vizuri, mwendo nimeumaliza, Imani nimeilinda." Mtoto aliyeshika nafasi ya mwisho jioni ile atainua kichwa.

Kwa wenye miaka kumi na kuendelea ipo pia habari ya Eric Liddell, Mskoti aliyekataa kukimbia mita 100 kwenye Olimpiki ya Paris mwaka 1924 kwa sababu mchujo uliangukia Jumapili. Alikimbia mita 400 siku nyingine, akatwaa dhahabu, na baadaye akaenda China kuwa mmisionari. Waulize wao wangefanyaje, na ukubali majibu yasiyofanana.

Hatua ya saba: zawadi

Pipi na madaftari kwa washindi huharibu mengi mliyoyajenga. Nunueni biskuti za wote au msinunue kabisa. Ila kuna taji moja ninalolipendekeza, mara moja kwa mwaka. Siku ya 1 Wakorintho 9, sukeni taji la majani mabichi ya mwarobaini au mpera, mvikeni mshindi wa mbio, mpigieni vigelegele kwa dhati. Kisha taji litundikwe darasani wiki nzima. Jumapili inayofuata lishusheni, lipite mkono kwa mkono, majani yakiwa yamejikunja na kupukutika magotini mwao, na hapo ndipo msome mstari wa 25: "basi hao kwa kusudi wapokee taji iharibikayo, bali sisi tupokee taji isiyoharibika." Usisome siku ya mashindano. Mwache mshindi aifurahie siku yake.

Magomvi, machozi na mvua

Watagombana. Mmoja atasukumwa, mwingine ataibiwa goli, mwingine atasusa na kwenda kukaa kwenye ngazi za kanisa. Usiuone ugomvi kama kitu kilichokuharibia somo, maana msamaha unafundishika vizuri zaidi pale palipo na wa kusamehe. Puliza filimbi, wote wachuchumae. Wawili wagombane mbele yako kwa maneno: kila mmoja anasema kilichomuuma bila kukatizwa, kisha mwulize aliyekosa atatengenezaje. Usiwaamuru "peaneni mikono" kwa haraka ili mchezo uendelee, watapeana mikono na kukutana njiani. Aliyesusa mfuate mwenyewe, au mtume mwenzake wa timu, kama yule mchungaji wa Luka 15, na wanaobaki waone kwamba mchezo umesimama kumngoja.

Mtoto asiadhibiwe kwa kukimbizwa kuzunguka uwanja. Mbio mnazitumia kufundisha habari za Mungu, msizigeuze kuwa fimbo.

Mvua ikinyesha, wabebaji wanne wanaweza kuingia ukumbini. Chandimu ya viungo vingi inachezeka mmekaa duara kwa mpira wa mkono. Kombolela iahirisheni.

Kabla ya kufunga kwa sala, wakaririsheni mstari huku wakirushiana mpira, neno moja kwa kila anayedaka. Wape pia swali moja la kwenda nalo nyumbani, la kumwuliza mzazi au bibi: "Nani aliwahi kukubebea mzigo wako?" Jumapili waanze kwa majibu. Wazazi wengi wataulizwa swali la imani na mtoto wao kwa mara ya kwanza kwa njia hiyo, na wengine watakuja kukusalimu baada ya ibada kwa sababu hiyo tu.

Watoto wakishaondoka, usiondoke. Keti na mwalimu mwenzako dakika tano na daftari: mchezo gani, mstari gani, nani hakuugusa mpira, nani alikaa kimya kwenye duara, nani alichechemea. Majina hayo ndiyo yatakayotangulia Jumamosi ijayo. Daftari na filimbi viachwe kanisani, ili atakayeshika zamu aanzie mlipoishia.